Kupiga simu, kutuma ujumbe au kwenda kituoni: upite njia ipi unapodhani unahitaji antibiotiki

Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na upepo umeshika, vumbi la Dodoma huingia hata kwenye bakuli la sukari lililofunikwa, na nyumba kwa nyumba, kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, watoto hukohoa, macho huwa mekundu na koo huwasha. Mzazi aliyeamshwa saa nane usiku na kikohozi cha mtoto ana njia tatu za kumfikia mtabibu: kumpigia kwa sauti au kwa video, kuandika ujumbe na kuambatisha picha kwenye huduma ya tiba mtandao, au kusubiri kukuche akapange foleni kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Ipo na njia ya nne, ya kusimama dirishani kwenye duka la dawa na kuagiza "vile vya rangi mbili", lakini hiyo sitailinganisha na hizi, kwa kuwa ndani yake hakuna aliyeamua kitabibu kwamba dawa inahitajika. Duka nitaligusa pale linapopokea cheti cha dawa kutoka kwa mtabibu.

Wengi wetu huchagua kwa kuangalia njia itakayotufikisha kwenye dawa mapema. Nadhani hapo ndipo tunapoanza vibaya, kwa sababu antibiotiki hupatikana kwa njia zote tatu bila taabu kubwa, na kilicho adimu ni uamuzi wenye msingi wa kuitoa au kuizuia. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani. Hapa nchini jambo hilo limepewa jina la UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na kampeni ya "Holela-Holela Itakukosti" imelifikisha hadi redioni. Mtu anayetumia tiba mtandao vizuri anaweza kuupunguza usugu huo, na anayeitumia kama dirisha jingine la kuagizia dawa anauongeza.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: kile ambacho mtabibu anaweza kukiona na kukipima, uwezo wake wa kusema hapana, ubora wa cheti na wa dawa inayochaguliwa, ufuatiliaji baada ya mashauriano, na mwisho gharama, umbali na siri. Vya kwanza viwili ndivyo vizito, na nitakaa navyo zaidi.

Kinachoonekana na kupimwa

Antibiotiki huua au huzuia bakteria, na haina kazi kwa virusi, ambavyo ndivyo husababisha mafua yote na sehemu kubwa ya vikohozi na maumivu ya koo. Kikohozi cha virusi kinaweza kudumu hadi wiki tatu hata kwa mtu mwenye afya, na makohozi ya njano au ya kijani peke yake si ushahidi wa bakteria. Mtabibu hana budi kukadiria, na ukadirio wake ni mzuri kwa kadiri ya kile alichopata kukiona, kukisikia na kukigusa.

Kituoni ndipo penye vingi. Anaweza kusikiliza kifua, kubonyeza tumbo, kupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, kufanya kipimo cha haraka cha malaria na kuagiza mkojo upimwe. Kwa mtoto mwenye homa, kipimo cha malaria peke yake kinatosha kuwa sababu ya safari, kwa sababu hakuna daktari wa mtandaoni anayeweza kuitofautisha malaria na homa nyingine kwa kutazama uso. Hata hivyo, tusikipambe kituo kuliko kilivyo. Zahanati nyingi za vijijini hazina kifaa cha kutazamia ndani ya sikio, na maabara nazo zina mitego yake. Kipimo cha Widal, ambacho kimewapa watu wengi wa mjini "taifodi isiyokwisha", kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye homa ya aina nyingine, kwa hiyo jibu moja la Widal si sababu ya kutosha ya kumeza antibiotiki ya siprofloksasini kila baada ya miezi miwili. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama bakteria watakua, na hiyo hufanyika hospitali kubwa.

Video inaona mengi kuliko watu wanavyodhani, mradi daktari ajue kukutumia wewe kama mikono yake. Mwaka jana nilikuwa kwa dada yangu wakati mwanawe wa miaka mitatu alipokohoa usiku wa pili mfululizo. Daktari aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuuliza kwanza habari ya makohozi. Alisema, "Mama, mpandishe fulana hadi kwapani, simu iegemeze mahali ili nione kifua na tumbo kwa pamoja." Tuliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, taa ya chumbani ikawashwa na ya simu nyingine pia, kisha daktari akatuomba tuhesabu naye pumzi kwa dakika nzima. Mara ya kwanza mtoto alicheka, hesabu ikavurugika, tukarudia. Zikawa 34. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani husema pumzi ni za haraka zinapofika 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Daktari akatazama tena kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, akauliza kama anakunywa na kama ametapika, akaomba tumpime joto, nalo lilikuwa 37.2. Akasema hakuna dalili ya nimonia, antibiotiki haitasaidia, na akatutajia dalili nne ambazo zingetulazimu kwenda hospitali usiku huo huo.

Simu ya sauti bila picha hupoteza karibu yote hayo, ingawa daktari bado anasikia kama mgonjwa anakatika pumzi katikati ya sentensi. Na hata video haiingii sikioni. Mtoto anayelia akishika sikio hawezi kupewa jibu la uhakika kwa njia hiyo, na daktari anayemwandikia antibiotiki ya sikio bila kulitazama anabahatisha, hata akibahatisha kwa adabu. Koo linaweza kuonekana kwa tochi na mpini wa kijiko. Tezi za shingo mzazi anaweza kuelekezwa kuzipapasa, lakini mkono usiozoea hudanganyika.

Ujumbe ndio wenye macho machache zaidi. Mtabibu husoma ulichoandika na kuona picha uliyochagua. Hilo linatosha pale ambapo maelezo ya mgonjwa ndiyo yenye uzito kuliko uchunguzi wa mwili, na mfano ulio wazi ni mwanamke asiye mjamzito, asiye na homa wala maumivu ya mgongo ubavuni, ambaye anasikia kuchoma akikojoa, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na hana uchafu usio wa kawaida ukeni. Kwake uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo ni mkubwa kutokana na maelezo hayo tu. Nasisitiza maelezo hayo kwa sababu neno "UTI" katika mji huu limekuwa jina la kila uchovu, na mtu akiandika tu "nina UTI, nisaidie dawa", mtabibu makini atarudisha maswali sita kabla ya jibu. Picha nazo zina udanganyifu wake. Wekundu wa ngozi iliyoambukizwa, unaotajwa sana vitabuni, hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, hasa chini ya taa ya njano. Kwa hiyo kwa jipu au kidonda, andika pia kama panauma, kama pana joto ukigusa, na kama uvimbe unapanuka tangu jana. Kuchora mstari wa kalamu pembezoni mwa uvimbe kabla ya kupiga picha kunamsaidia mtabibu kuliko picha kumi.

Uwezo wa kusema hapana

Hapa takwimu nilizonazo ni za Marekani, na zinabaki kuwa za Marekani, lakini zinaonyesha utaratibu ambao hauna uraia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliangalia watoto wenye maambukizi ya ghafla ya njia ya hewa. Waliohudumiwa na kampuni za tiba mtandao zinazouza huduma moja kwa moja kwa wazazi waliandikiwa antibiotiki katika asilimia 52 ya mashauriano, waliokwenda kliniki za huduma ya haraka asilimia 42, na waliokwenda kwa daktari wao wa kawaida asilimia 31. Mwingine wa mwaka 2018 uliangalia nyota ambazo wagonjwa huwapa madaktari wa mtandaoni baada ya kuhudumiwa kwa magonjwa kama hayo: waliopata antibiotiki walitoa nyota tano kwa kiwango cha karibu asilimia 91, waliopata dawa nyingine asilimia 86, na walioondoka bila dawa asilimia 72.5. Daktari anayeishi kwa nyota haambiwi na mtu aandike antibiotiki. Hesabu yenyewe humfundisha.

Ujumbe una shinikizo hili kwa wingi zaidi, kwa sababu mazungumzo ni mafupi, maelezo ya kwa nini dawa haihitajiki huchukua mistari mingi, na jina la dawa huchukua mmoja. Niliwahi kuijaribu huduma moja ya namna hiyo kwa kikohozi changu cha siku tatu, nikapewa siprofloksasini kabla sijaulizwa umri wangu. Dawa hiyo si ya kikohozi cha kawaida kwa vyovyote vile. Video ina nafuu, maana daktari anaweza kukuonyesha sababu zake, kama yule wa dada yangu alivyotuhesabisha pumzi. Tulipokubali jibu la hapana, tulikuwa tumeliona wenyewe.

Kituo nacho kina shinikizo lake la aina ya zamani. Aliyetoka Hombolo alfajiri na kukaa benchi hadi saa saba mchana hataki kurudi na karatasi tupu, na mtabibu aliyechoka anajua hivyo. Tofauti ni kwamba kituoni mtabibu ana mwongozo wa matibabu wa taifa ukutani au mezani, toleo lake la mwaka 2021, na wenzake wanaoona anachoandika.

Kwa huduma yoyote ya mtandaoni, swali moja la kuuliza kabla ya kulipa linafichua mengi: je, nikishauriwa bila kuandikiwa dawa, ada ni ile ile? Kama jibu ni kwamba malipo yamo ndani ya bei ya dawa, unajua unazungumza na duka.

Cheti na dawa yenyewe

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani huzigawa antibiotiki katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la kuanzia, lenye dawa kama amoksilini, doksisaiklini na nitrofurantoini. La pili ni la tahadhari, ambamo zimo siprofloksasini, azithromisini na seftriaksoni. La tatu ni akiba ya mwisho, ya hospitali. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumika kwa binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kwa mgonjwa wa kawaida anayetibiwa nyumbani, cheti kinachoanza na kundi la pili kinastahili swali la heshima: "Daktari, kwa nini hii na si ile ya kuanzia?"

Wazee wengi wa Kongwa wanaijua azithromisini kwa sababu nyingine, kwani iligawiwa kwa vijiji vizima ili kuiondoa trakoma ya macho. Ule ulikuwa mpango wa afya ya jamii wenye lengo moja, na haufanyi dawa hiyo kuwa ya mafua.

Katika kigezo hiki ujumbe una sifa ambayo njia nyingine hazina: kila kitu kimeandikwa na kinabaki. Simu ya sauti ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa jina la dawa linalosikika vibaya huweza kuwa dawa nyingine likifika dukani. Omba daima daktari atume cheti kwa maandishi baada ya kuongea. Cheti kizuri, kiwe cha karatasi au cha simu, kina jina la mtabibu na namba yake ya usajili, jina na umri wa mgonjwa, uzito kama ni mtoto, ugonjwa unaotibiwa, jina halisi la dawa, kiasi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Kabla ya kukiandika, mtabibu sharti awe ameuliza kuhusu mzio wa penisilini, ujauzito, kunyonyesha na dawa nyingine unazotumia. Kituoni maswali haya huulizwa mara nyingine na watu wawili, tabibu na mtoa dawa. Duka la dawa muhimu linaruhusiwa kuuza orodha fupi tu ya antibiotiki, kwa hiyo anayeishi mbali na famasi amwambie daktari mapema atakakonunulia.

Ufuatiliaji

Katika kigezo hiki mtandao, ukitumiwa vizuri, unaushinda mguu. Kumrudia mtabibu baada ya saa 48 kwa simu hakugharimu nauli, na jambo hilo humpa daktari ujasiri wa kusubiri badala ya kuandika dawa kwa hofu. Nchini Uingereza madaktari hutumia pia cheti cha kusubiri, yaani kinaandikwa leo lakini mgonjwa anakitumia tu ikiwa dalili hazijapungua au zimezidi baada ya siku zilizotajwa. Njia hiyo inafaa sana kwa anayekaa mbali, ikiwa daktari ametaja kwa maneno wazi ni dalili zipi na siku ngapi. Inaharibika pale mtu anapokimbilia dukani dakika ile ile.

Udhaifu ni kwamba huduma nyingi za ujumbe hukupa mtu tofauti kila unaporudi, na wa pili hajui alichofikiri wa kwanza. Kituoni ufuatiliaji hutegemea kama utarudi, na wengi hawarudi.

Gharama, umbali na siri

Kwa mkazi wa Makole au Area C, tofauti ya nauli si kubwa kiasi cha kuamua jambo. Kwa aliye Kondoa, takriban kilomita 160 kutoka mjini, au ndani ya Chemba ambako mtandao huja na kuondoka, hesabu ni nyingine: video hukatika, sauti hupita, ujumbe hufika hata kwa kuchelewa. Zahanati ya kijiji inaweza kuwa karibu kuliko mnara wa simu. Kuhusu siri, picha ya sehemu za mwili ikishatumwa huwezi kuirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda, lakini bado ni busara kutotuma sura na kidonda katika picha moja.

Njia ipi kwa hali ipi

Video inamfaa zaidi mzazi wa mtoto anayekohoa bila homa kali, anayekunywa na kucheza, na mtu mzima mwenye mafua au koo linalouma anayetaka kujua kama asubiri. Kama nyumbani kuna kipimajoto na mtu wa pili wa kushika taa, mashauriano huwa bora maradufu.

Ujumbe unamfaa mwanamke mwenye dalili za mkojo nilizozitaja bila zile za hatari, mwenye upele au kidonda kidogo kinachohitaji kutazamwa kwa siku kadhaa, na yeyote mwenye swali kuhusu dozi aliyokwisha kuandikiwa. Haumfai mtoto mdogo mwenye homa, hata kama maelezo yako ni marefu kama barua ya posa.

Kituo kinamfaa mwenye homa ambaye hajapimwa malaria, mtoto wa chini ya miezi miwili kwa ugonjwa wowote, mjamzito au mwanamume mwenye dalili za mkojo, mwenye maumivu ya sikio, mwenye kuhara damu, na mwenye dalili za magonjwa ya ngono, ambapo mwenzi naye hutibiwa. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kupima makohozi, tena kabla ya kumeza siprofloksasini au ndugu zake, maana dawa za jamii hiyo zinaweza kuificha kifua kikuu kwa muda na kuchelewesha utambuzi. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu ni bure. Mtoto ambaye pumzi zake zimefika au kupita namba nilizotaja, anayebonyea kifua, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelegea, asisubiri njia nyingine yoyote. Kwa mtoto anayeharisha maji bila damu, kinachotakiwa ni chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na kwa hilo video au zahanati zote zinatosha.

Mwenye kukaa mbali anaweza kuchanganya njia: akapimwe malaria na mkojo kwenye zahanati ya karibu, apige picha ya majibu, kisha azungumze na daktari kwa sauti na kuomba cheti kwa maandishi. Na aliyekwisha kuanza dozi mahali popote, akaona haimkai vizuri au amepata nafuu siku ya pili na anataka kuacha, atume picha ya boksi na ya cheti kwa yule yule aliyemwandikia, na aulize kabla ya kuacha au kuongeza kidonge. Isipokuwa ukivimba midomo, ukitokwa na vipele mwili mzima au ukibanwa pumzi, hapo acha dawa na nenda hospitali na boksi mkononi.